"Maalim, Tuvue Viatu?" Matembezi ya Mji wa Kale wa Gede

Likizo iliyopita, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tuliwachukua wanafunzi wa madrasa yetu pamoja na baadhi ya wazazi wao kwenda kuutembelea mji wa kale wa Gede. Ilikuwa safari ya matatu mbili, mahamri na mbaazi za kutosha mtaa mzima, na watoto ambao hawakunyamaza tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi. Tulikuwa tumejitayarisha kwa maswali ya tarehe na majina. Swali tuliloulizwa hatukuwa tumejitayarishia.

Tulipofika mbele ya Msikiti Mkuu, mtoto mmoja wa miaka tisa hivi alisimama kizingitini, akainama na kushika ukanda wa kiatu chake. Akatuuliza, "Maalim, tuvue viatu?" Tukatazama chini, tukaona changarawe, majani makavu na miiba. Tukamjibu kwa haraka, kama ajibuvyo mtu mwenye watoto arubaini wa kuwahesabu: "Usivue, mwanangu. Huu si msikiti tena, ni magofu." Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi umekuwa nini?"

Hatukuwa na jibu. Tumeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo, na kwa sababu jibu letu la kwanza lilikuwa na kosa. Lakini kwanza na tumjulishe msomaji mji wenyewe, kwani wengi wetu huupita mara kwa mara ndani ya gari bila ya kugeuza shingo.

Gede iko kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi. Msafiri atokaye Mombasa, akifika njia panda ya Gede, hupinda kulia kuelekea Watamu, na kabla hajakwenda mbali huona njia ya kuingilia magofuni. Bahari haionekani hapo. Mji umejengwa kilomita kadhaa ndani ya bara, na maji ya karibu ni ya hori la Mida. Hili ni la kushangaza, maana miji yetu mingi ya kale imekaa ufuoni pwaa, mlango wake ukitazama jahazi. Gede imejificha mwituni. Mibuyu, mikwaju na mikuyu imeota baina ya nyumba na hata juu ya kuta, na mizizi mingine imelikumbatia jiwe kiasi kwamba huwezi kujua ni nani amshikiliaye mwenziwe. Juu ya miti kuna kima, ambao ndio wenyeji wa sasa. Hawaombi ruhusa ya kuchukua chakula cha mgeni, na mfuko mmoja wa mahamri tuliuaga hapo.

Mji ulizungukwa na ukuta wa nje uliokusanya eneo la kiasi cha ekari 45, na ndani yake baadaye ukajengwa ukuta wa pili uliozingira sehemu ya katikati. Humo ndani ya ukuta wa pili ndimo mlimo Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, na nyumba za mawe za watu wenye nafasi. Nje ya ukuta huo, watu wengi waliishi katika nyumba za udongo, miti na makuti, ambazo leo hazina hata alama. Tuliwaonesha watoto uwanja mtupu uliojaa miti, tukawaambia kwamba hapa palikuwa na vyungu motoni na watoto wakilia, na ya kuwa pengine waliokaa hapa ndio waliokuwa wengi. Mgeni huja akastaajabia jumba la mtawala, na ni haki yake. Ila si vizuri mtu akatoka Gede akidhani kwamba wazee wetu wote walilala katika majumba.

Jumba lenyewe ni la kutazamwa kwa utulivu. Kuna ua wa kuonania na wageni, uliochimbwa ukawa chini kuliko vyumba, na kuna vyumba vya ndani, vyoo vya kufungia maji, na chumba kimoja kisichokuwa na mlango kabisa. Kiliingiwa kwa ngazi kupitia tundu la juu, na humo ndimo iliwekwa mali. Akina mama wa msafara wetu walikaa sana kwenye vyoo na mabirika, wakilinganisha na nyumba za leo, na hukumu yao haikuwa nzuri kwa mafundi wa siku hizi.

Nyumba nyingine za jirani zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake wakati wa uchimbuzi. Iko nyumba ya mkasi, nyumba ya simbi, nyumba ya sanduku la pembe, nyumba ya taa ya chuma, na nyumba ya sarafu za Kichina. Mkasi husemwa ulitoka Hispania, taa ilitoka India, na vyombo vya kauri vilitoka China kwa wingi. Basi humu mwituni, mbali na bandari, kulikuwa na mama aliyepakua chakula katika bakuli iliyofinyangwa upande wa pili wa dunia. Jambo lililotugusa ni kwamba tunazijua nyumba hizi kwa vitu tu. Majina ya wenye nyumba yamepotea. Mtu alijenga, akaoa, akazaa, akasomesha, na leo nyumba yake yaitwa kwa jina la mkasi.

Sasa tuje kwenye Msikiti Mkuu. Husemwa ulijengwa katika karne ya 15, kisha ukajengwa upya baada ya muda. Ni wa mstatili, wenye safu za nguzo za mawe zilizobeba dari ya mawe na chokaa juu ya boriti. Mtu aliyezoea misikiti mipya ya vigae na kuba atauona mwembamba na wenye nguzo nyingi mno, hata safu ya katikati ikamkinga na mihrabu. Sababu yake ni boriti yenyewe. Mkoko haukui mrefu kuliko alivyoupangia Mola wake, na fundi hakuweza kuacha nafasi baina ya nguzo na nguzo kubwa kuliko urefu wa gogo la mkoko. Ukizitazama nyumba za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa utakuta vyumba vyembamba kwa sababu hiyo hiyo.

Mimbari yake ni ya mawe. Mihrabu ilipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa katika chokaa, na juu ya mlango mmoja imechongwa ncha ya mkuki. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia. Mtoto mmoja wa kike alitoa simu ya mamake, akafungua dira, kisha akapiga kelele kwa furaha: mihrabu yatazama kaskazini! Naam, Makka na Gede zimekaa karibu katika mstari mmoja wa longitudo, na ndiyo sababu kibla chetu sisi watu wa pwani hii ni kaskazini, takriban bila kupinda. Waliojenga msikiti huu hawakuwa na simu. Walikuwa na nyota na mabaharia, na elimu iliyopokewa na mtu kutoka kwa mtu.

Karibu na msikiti kuna makaburi, na moja kati yake ndilo lenye thamani kubwa kwa wanahistoria, kwa kuwa limeandikwa mwaka: 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Hapo ndipo mahali pamoja katika mji mzima ambapo wakaazi wenyewe wametuachia tarehe, tena kwa hesabu ya Hijria. Tuliwaambia wanafunzi wafanye hesabu ya kutoa. Jibu lilipotoka wakanyamaza, na kimya chao siku hiyo kilikuwa adimu kuliko kauri ya China.

Mzazi mmoja alituuliza, "Sheikh, hawa walikuwa Waarabu?" Na kijana mmoja wa sekondari alisema yeye alidhani ni Wareno. Haya ni maswali ya kawaida, na tuyajibu kwa uwazi. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 na baadaye wakakaa hapo, umbali wa safari ya asubuhi kwa miguu, na hata hivyo katika maandishi yao mji huu hautajwi. Hawakuujenga, na yaelekea hawakuujua. Waarabu walikuja pwani hii, wakaoa, wakasomesha na wakafanya biashara, na hakuna anayekana hilo. Lakini wataalamu wa leo wanauhesabu mji huu kuwa ni mji wa Waswahili, Waislamu wa pwani hii, waliotumia matumbawe ya hapa, chokaa ya hapa na mikoko ya hapa. Kijana akasema, "Kumbe ni sisi." Tukamwambia, ndiyo, ni sisi, na wakati huo huo tukamkumbusha kwamba fahari ya nasaba haimfikishi mtu mbali mbele ya Mola wake.

Jina la Gede lenyewe halikuwa jina la wakaazi wa kwanza. Husemwa ni neno la Waoromo lenye maana ya kitu cha thamani, na kwamba zamani mji uliitwa Kilimani. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa nini? Sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja. Mwaka 1589 Wazimba walipita pwani wakiua na kuteketeza. Mwaka 1593 mtawala wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno, na Malindi ikadhoofika, na pamoja nayo vijiji na miji ya jirani. Waoromo nao walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Sababu nyingine ni ya kimya kuliko hizo: maji yalishuka visimani. Kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kilionekana kuwa kilichimbwa zaidi baada ya kuchimbwa mara ya kwanza, kama kwamba watu waliyafuata maji chini mpaka wakachoka.

Sisi, kwa maoni yetu, sababu hii ya mwisho ndiyo inayotutia hofu. Wazimba hawarudi. Lakini nani kati yetu hajui kisima cha mtaani kilichokuwa cha maji matamu utotoni mwake na leo ni cha maji ya chumvi? Tunachimba, tunatia pampu, tunachimba tena kando. Mji wenye mkuki juu ya mlango wa msikiti wake na kauri mihrabuni haukupata la kufanya.

Baada ya hapo msitu ukafunga. Mwaka 1884 Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alifika. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikapatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu. Kisha James Kirkman akachimbua kuanzia 1948 mpaka 1958, na mengi ya tuyajuayo yametokana na kazi yake. Leo pako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na Julai 2024 Shirika la UNESCO liliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Tulifurahi, kisha tukajiuliza imekuwaje dunia nzima ituambie kwamba mahali hapa ni pa thamani, na sisi tulio jirani tunapeleka watoto wetu mara moja kwa miaka kumi.

Sehemu ya jawabu ni hofu. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba Gede ni mji wa majini, na kwamba aingiaye jioni hatoki na akili yake. Wengine mpaka leo huenda kwa siri kuweka ubani na vitu vingine mapangoni na makaburini. Hayo ya kuwaomba wafu na majini haja, hukumu yake inajulikana na hatutairudia hapa. Lakini tuseme ukweli: huenda hofu ile ndiyo iliyozihifadhi kuta. Magofu mengi ya pwani yamechukuliwa jiwe kwa jiwe kwenda kujengea, na hapa watu waliogopa. Hofu ililinda mawe. Elimu haikuilinda, kwani mtoto akiogopeshwa mahali hatauliza nani alikaa pale, wala alisoma nini, wala alizikwa vipi.

Turudi basi kwenye swali la kiatu. Usiku ule tuliporudi nyumbani tulifungua vitabu vyetu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mahali pakishawekwa wakfu kuwa msikiti, hapatoki katika hali hiyo kwa kubomoka wala kwa watu wake kutawanyika. Hapauzwi, hapagawanywi kwa warithi, wala hapageuzwi matumizi. Madhehebu mengine yana maelezo tofauti kuhusu msikiti uliokosa watu, na wenye hoja hizo ni wanachuoni wakubwa. Lakini waliojenga pwani hii, kama sisi, walikuwa Mashafi, na wakfu wao tunaupima kwa mizani yao. Kwa hiyo tulipomwambia mtoto "huu si msikiti tena" tulisema jambo ambalo vitabu tunavyosomesha vinalikataa.

Viatu peke yake ni jambo jepesi. Kiatu kisafi hakiharamishwi msikitini, na palipo na miiba na mawe makali mtu hatakiwi kujidhuru. Mtoto akipenda kuvua kwa adabu, avue, na mzazi amtazamie njia. La uzito zaidi ni yanayofuata. Mwenye janaba au hedhi hukumu ya kukaa msikitini inamhusu hapo kama inavyomhusu kwingine, naye anaweza kuutazama msikiti vizuri sana kutoka nje, kwa kuwa hauna paa. Hapapandwi juu ya kuta wala mimbari kwa ajili ya picha. Hapaliwi kwa kuacha maganda na chupa. Makaburi hayakaliwi, na anayepita huwatolea salamu waliomo kama anavyowatolea waliozikwa mtaani kwake, kwani nao ni Waislamu, na kiu yao ya dua haikupungua kwa kuwa wamekufa zamani.

Wageni wa dini nyingine hawayajui haya, na hawalaumiwi. Tumeona wakiambiwa kwa upole wakaitikia kwa heshima. Sisi ndio tunaojua, na sisi ndio tulioingia na mfuko wa mahamri mkononi.

Kuna mengine ya kutazama siku hiyo hiyo. Kwenye eneo la magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima waishio kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza ng'ambo vipepeo ambao bado wamo vifukoni mwao. Ndiyo njia yao ya kupata riziki kutoka msituni bila ya kukata mti, na watoto wetu wadogo waliupenda kuliko kaburi la 802. Msitu wenyewe, wa kiasi cha kilomita za mraba 420, una bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na anayetaka kuwaona aende alfajiri na mwenye kuongoza. Mida ni mahali pa mikoko na ndege wa pwani, pazuri maji yanapopwa. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu 1968, na siku za bamvua, maji yakitoka, watoto huweza kuuona mwamba wa matumbawe ambao ndio huo huo uliojenga misikiti ya Gede. Wavuvi wa huko wamezoea kutoa habari kasa anaponasa wavuni ili arudishwe baharini. Tulipita tu, kwani jua lilikuwa limeshakuwa kali na watoto walikuwa wamelala mabegani mwa baba zao.

Darasa la kwanza baada ya safari tulimwita yule mtoto mbele, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba maalim wake alikosea, na kwamba msikiti ule ni msikiti. Alitutazama kama ambaye alikuwa akilijua hilo tangu mwanzo. Akauliza kama wanasali hapo. Tukamwambia kwamba rakaa mbili za maamkizi ya msikiti hazimkatazi mtu palipo safi, ila asiwazuilie wengine njia, na awasikilize wanaopalinda.

Safari ya pili, inshaAllah, itakuwa likizo ijayo. Wazazi wanaotaka kujiunga na watupe majina mapema baada ya sala ya Ijumaa. Tutaondoka baada ya sala ya Alfajiri ili tuwahi kabla ya joto. Kila mtoto aje na maji yake, viatu vya kufunga, na mavazi ya kumsitiri yasiyonasa miibani. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, hivyo watu wazima wachukue vitambulisho. Ndizi na mahamri vibaki ndani ya gari mpaka wakati wa kula, kwa sababu ya wenyeji wa juu ya miti. Tutamchukua mwongozaji wa hapo hapo, maana anajua mengi kuliko sisi na hiyo ndiyo kazi inayomlisha.

Yule mtoto amekwisha kuandikwa. Ametuuliza kama anaweza kuja na ufagio, aondoe majani yaliyo mihrabuni. Tumemwambia tutawauliza kwanza wasimamizi.